Zileteni Karatasi Zenyewe

Mwaka 1978, nilipomaliza sekondari ya ualimu Kindu, Maniema, nchini Kongo (wakati ule Zaire), barua ya kazi ilinipeleka Lokandu. Kutoka Kindu unateremka Lualaba, ule mwendo wa maji wa kilomita 300 hivi unaopitika kwa meli hadi Ubundu, na Lokandu iko njiani. Wazee waliijua kwa jina la Riba-Riba, kituo cha Waungwana, wafuasi wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, tangu zama za Tippu Tip. Ni katika njia ya kwenda huko ambapo Mbelgiji Hodister na wenzake waliuawa mwaka 1892, na vita kati ya Waarabu na Dola ya Mfalme Leopold vikawaka. Baadaye Wabelgiji walijenga hapo kambi ya askari wa Force Publique, na hata baada ya uhuru Lokandu ilibaki mji wa askari. Kwa hiyo darasani mwetu walikaa benchi moja watoto wa wavuvi wa Kigenya, watoto wa wakulima wa mpunga, na watoto wa wanajeshi waliotoka mikoa ya mbali.

Nataka kusimulia yaliyotokea katika shule yetu Julai 1980. Shule siitaji, wala watu siwataji. Wengi wao wamekwisha kufa, na watoto wao wapo. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikisikiliza mazungumzo ya leo juu ya maadili ya walimu, nasikia habari za mwalimu mkosaji na mwanafunzi aliyeumizwa. Wale walimu wengine waliokaa na mkosaji chumba kimoja, wakijua, hawatajwi. Mimi niliwaona, na nilimwona mmoja aliyekataa kuwa kati yao.

Wakati huo shule zilikuwa zimetoka kwenye msukosuko. Mwisho wa 1974 Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa, mafundisho ya chama cha MPR yakashika nafasi yake. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia saini mkataba na makanisa, shule zikarudi chini ya uongozi wao, lakini mshahara ukabaki wa Serikali. Mshahara huo ulitufikia umechelewa, na thamani yake ilikuwa imekwisha liwa njiani na kupanda kwa bei.

Kisha ikaja Krismasi ya 1979. Tarehe 25 Desemba Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimefutwa. Aliye nazo azibadilishe kwa siku chache, na kwa kiasi kilichowekwa. Benki ilikuwa mbali, na siku hazikutosha. Jirani yangu, mwalimu wa miaka mingi, alikuwa akiweka akiba ya kununulia mabati. Mwaka mpya ulimkuta na noti ambazo hazingenunua hata chumvi.

Nayataja haya kwa sababu anayesimulia makosa ya walimu bila kusimulia njaa yao ameficha nusu ya habari. Lakini nusu nyingine nayo niliiona Lokandu: njaa ileile iliingia katika nyumba zetu zote, na si nyumba zote zilizouza pointi za mitihani.

Kati yetu alikuwepo mzee aliyefundisha Kifaransa. Alisomea shule ya monitèri, ya kuandaa walimu wa msingi, kwa wamisionari kabla ya uhuru, na sote tulimwita Papa Mwalimu. Julai 1964, waasi wa Simba walipoiteka Kindu, kila aliyejulikana kuwa msomi alikuwa hatarini. Makarani, walimu na watumishi wa Serikali waliuawa. Papa Mwalimu aliokolewa na wazazi wa wanafunzi wake. Walimvusha mto usiku, wakamficha katika kambi ya uvuvi mpaka mji ulipokombolewa Novemba. Hakupenda kuizungumza habari hiyo. Mara moja tu nilimsikia akisema, “Watu wale hawakuniuliza kwanza nilimpa mtoto wao pointi ngapi.”

Nilijifunza kazi kwa kumtazama. Wazazi wa Lokandu walikuwa watu wa kutoa: samaki wa moshi, mawese, kuku, mchele mpya wa mavuno. Zawadi ikija kabla ya buletini, ile ripoti ya pointi za mwanafunzi, Papa Mwalimu aliirudisha kwa mikono miwili, kwa shukrani nyingi, na kumwomba mzazi ailete mwaka ukiisha. Ikija baada ya buletini kugawanywa, aliipokea hadharani na kuipeleka kwenye chumba cha walimu, tukala wote. Hakuwahi kumwaibisha mzazi maskini kwa kumwambia kwamba ameleta hongo. Alijua kwamba mama aliyebeba kuku kutoka kijijini anafuata adabu aliyofundishwa na wazazi wake. Anayepaswa kuchunga wakati wa kupokea ni mwalimu.

Vilevile kwa kazi ya mikono. Salongo, kazi ya mikono ya lazima, ilikuwa amri ya nchi nzima, na walimu wengi waliigeuza amri hiyo kuwa nguvu ya bure. Darasa zima lilipalilia mpunga wa mwalimu, wasichana wakamtekea mke wake maji, wavulana wakamkatia kuni. Mtoto aliyechoka au aliyekataa aliandikiwa utovu wa nidhamu. Papa Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye shamba la shule tu. Alikuwa na daftari lililoandikwa mabeseni yaliyovunwa, bei iliyouzwa, na chaki zilizonunuliwa. Daftari hilo lilining'inia kwa kamba karibu na mlango, kila mzazi angeweza kulisoma. Mwenzetu mmoja alipomwomba amwazime darasa kwa siku moja tu, alimjibu kwa upole, “Watoto hawa waliandikishwa shuleni, ndugu yangu. Kwangu mimi hawakuandikishwa, na kwako pia hapana.”

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika mwaka wa nne wa sekondari wasichana walikuwa wachache mno. Mmoja wao, binti wa wavuvi, alikuwa hodari wa hesabu. Mwaka uliotangulia wavulana walikuwa wakimwomba awaeleze. Mwalimu wa hesabu wa darasa lile alikuwa kijana mwenye akili na maneno matamu, mchezaji mpira mzuri, na watu wa mji walimpenda. Baada ya Pasaka nilianza kuona kwamba wasichana wakitumwa kupeleka madaftari nyumbani kwake wanakwenda wawili wawili, au wanatafuta sababu ya kutokwenda. Chumba cha walimu kilikuwa kinajua. Walimu walitaniana juu ya jambo hilo, wakataja jina la binti huyo, na watu wakacheka. Miaka zaidi ya 40 imepita na bado nakumbuka kicheko kile kuliko maneno yenyewe, kwa sababu ndicho kilichomwambia yule kijana kwamba hakuna atakayemzuia.

Binti alikataa. Mwezi wa Juni mwalimu wake alimwambia kwamba jibu lake ataliona kwenye buletini.

Mama yake alivuka naye mto kwa mtumbwi na kwenda moja kwa moja kwa Papa Mwalimu. Nilikuwa nimepanga chumba katika kiwanja chake, nikayaona yote. Kwanza Papa Mwalimu alimwita mkewe, wakaketi watatu barazani. Binti hakuulizwa neno na mwanamume yeyote. Mke wa Papa Mwalimu alizungumza naye pembeni jikoni, kisha akaja kumweleza mumewe kwa maneno machache. Baadaye nilipomuuliza Papa Mwalimu kwa nini hakumhoji mtoto mwenyewe, alisema kwamba mtoto akishasema mara moja mbele ya mtu anayemwamini, kumlazimisha arudie mbele ya wanaume kadhaa ni kumwadhibu kwa kosa la mtu mwingine.

Usiku uleule alinichukua tukaenda kwa kijana yule. Alitaka shahidi, na alitaka shahidi huyo awe mwalimu, si mtu wa mtaani. Tulipokelewa vizuri, tukapewa viti. Papa Mwalimu hakupandisha sauti hata kidogo.

“Mdogo wangu,” alisema, “nimekuja kwako kabla sijakwenda kwa prefe, kwa sababu wewe ni mwenzangu wa kazi na sipendi usikie jina lako kwa watu wa nje. Nimeambiwa maneno mazito. Mwache mtoto yule. Usimwite tena nyumbani, yeye wala mwenzake.”

“Papa, hayo ni maneno ya wanawake,” alijibu.

“Kama ni uongo, itakuwa furaha yangu. Basi sahihisha mtihani kwa haki. Lakini ujue: kesho asubuhi prefe atapata barua yangu, na siku ya deliberasyo nitaziomba karatasi.”

Asubuhi barua ilifika. Prefe, mkuu wetu wa shule, aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Aliogopa. Sikumlaumu sana wakati ule, kwa kuwa prefe wa miaka ile alikuwa na mabwana wengi: koordinasyo ya kanisa, ensipekta wa Serikali, watu wa chama waliotaka wanafunzi wa kucheza animasyo kila sherehe, na katika mji kama wetu, maofisa wa kambi.

Kikao cha deliberasyo kilifanyika mwanzoni mwa Julai. Waliosoma Kongo miaka ile wanajua kilivyokwenda. Mwalimu wa darasa anasoma majina, kila mwalimu anataja pointi kutoka kwenye daftari lake, asilimia inatolewa, kisha kikao kinaamua nani amepita, nani anarudi kwa mtihani wa pili Septemba, nani atadubule, yaani atarudia darasa, nani anatolewa shuleni. Jina la binti lilipofika, pointi zake za hesabu zilikuwa za chini kabisa darasani. Pamoja na nyingine alizopunguziwa katika mwenendo, zilitosha kumrudisha darasa. Na Lokandu sote tulijua maana yake: msichana wa mwaka wa nne akidubule, baba anasema masomo yamekwisha, aolewe.

Papa Mwalimu aliinua mkono. “Zileteni karatasi zenyewe,” alisema.

Mwalimu wa hesabu alisema kwamba daftari la pointi linatosha, na kwamba kuomba karatasi ni kumtukana mwenzake. Wengine wakamuunga mkono. Mmoja alisema maneno ambayo nimeyasikia tena katika kila shule niliyofanya kazi: “Sisi kwa sisi tukianza kuchunguzana, nani atabaki?” Papa Mwalimu akajibu kwamba haombi karatasi ya mwanafunzi mmoja, anaomba za darasa zima, na za somo lake mwenyewe la Kifaransa amekwisha kuzileta. Alikuwa nazo kweli, zimefungwa kwa kamba ya raffia, chini ya kiti. Akaziweka mezani. Baada ya hapo prefe hakuwa na njia ya kukataa.

Karatasi za hesabu zililetwa baada ya muda mrefu. Ya binti ilikuwa na namba nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza. Ndani hapakuwa na alama hata moja: hakuna kosa lililopigiwa mstari, hakuna jibu lililokatwa. Wala haikuwa imefunguliwa kwa lengo la kusahihisha. Mwalimu wa fizikia, ambaye alikuwa miongoni mwa waliocheka mwezi wa Aprili, aliombwa aisahihishe palepale mbele yetu. Aliifanya kazi hiyo kimya. Alipomaliza, binti alikuwa amevuka nusu kwa nafasi kubwa.

Lakini karatasi za darasa zima zilikuwa mezani, na humo ilikuwamo ya mtoto wa ofisa wa kambi. Kwenye daftari alikuwa amepita. Kwenye karatasi alikuwa ameandika mistari michache tu. Kila mtu aliiona, na kila mtu alimtazama Papa Mwalimu, maana hapa haki ilikuwa inamdai yeye. Angeweza kunyamaza, lengo lake alikuwa amekwisha kulipata. Akasema mtoto huyo naye ahesabiwe kwa alichoandika. Mtoto alipewa mtihani wa pili kama kanuni ilivyoruhusu. Baba yake alikasirika, akamhamishia Kindu. Siku kadhaa askari walipita shuleni wakiuliza kwa sauti nyumba ya mzee wa Kifaransa iko wapi. Hawakumfanya kitu, lakini mkewe hakulala.

Yaliyofuata yalinifundisha mengi kuhusu wenzetu. Baadhi ya walimu waliacha kumsalimia. Alipoingia chumbani, mazungumzo yalikatika. Wengine walisema amemharibia kijana mkate, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Yeye aliendelea kumsalimia kila mmoja. Siku wanafunzi walipochora ubaoni picha ya kumdhihaki mwalimu wa hesabu, Papa Mwalimu ndiye aliyeifuta, na akawaambia kwamba makosa ya mwalimu yana mahali pake pa kuhukumiwa, na mahali hapo si ubao. Mtoto wa kijana yule alipougua malaria, Papa Mwalimu alituma pesa ya dawa. Hakuona mgongano wowote kati ya kumpinga mwenzake na kumheshimu kama mtu.

Jambo moja lilimshinda. Wakubwa waliamua kumhamisha mwalimu wa hesabu kwenda shule nyingine, bila neno lolote kuandikwa katika faili lake. Papa Mwalimu aliandika barua Kindu kupinga. Nilimsaidia kuinakili, na maana yake naikumbuka: mkimtoa chui katika zizi hili na kumfungulia la jirani, hamjawalinda mbuzi. Jibu halikuja. Mwaka uliofuata barua ya uhamisho ilimjia yeye mwenyewe, akaondoka Lokandu na vitabu vyake kwa meli. Binti alimaliza sekondari na kufaulu mtihani wa Taifa. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi.

Mimi niliendelea na kazi, na niliona mabaya zaidi. Kuanzia mwaka wa masomo 1992–1993, Serikali iliposhindwa kabisa kuwalipa walimu, wazazi walianza kutoa ile pesa ya prime ili shule zisifungwe. Ilikusudiwa kuwa dawa ya muda. Ikageuka sheria isiyoandikwa, mwalimu akawa anamfukuza mtoto darasani kwa deni la baba yake. Vita vilipofika Maniema, 1997 na tena 1998, tulifundisha miezi na miaka bila mshahara. Huko vyuoni vijana walianza kuziita “pointi za zinaa” zile alama zinazotolewa kwa njia aliyoitaka yule mwalimu wa hesabu, na jina likazoeleka kiasi kwamba lilitajwa kwa kicheko. Kicheko kilekile.

Sheria zilikuja baadaye. Katiba ya 2006 ilisema elimu ya msingi ya Serikali ni bure, na Septemba 2019 jambo hilo likaanza kutekelezwa, ingawa walimu wengi walibaki nje ya orodha ya malipo huku madarasa yakifurika. Sheria za Julai 2006 dhidi ya ukatili wa kijinsia ziliutaja usumbufu wa kingono kuwa kosa la jinai, na sheria ya Januari 2009 ikaongeza ulinzi wa mtoto. Kabla ya hayo yote, tangu tarehe 5 Oktoba 1966, UNESCO na Shirika la Kazi la Kimataifa walikuwa wamependekeza vyama vya walimu viweke kanuni zao za maadili. Na huko Kenya, kwa waraka wa mwaka 2010, Tume ya Utumishi wa Walimu ilikwenda hatua moja ambayo Papa Mwalimu angeifurahia: mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi ananyanyaswa na mwenzake, akanyamaza au akaficha, naye ana kosa la kujibu.

Hatua hiyo ndiyo hasa iliyohitajika. Mwaka 1980 Lokandu hatukuwa na waraka, na mshahara haukutosha. Tulichokuwa nacho ni kikao, karatasi, na mtu mmoja aliyekubali kuonekana mbaya kwa wenzake. Ilitosha kwa mtoto mmoja. Ingetosha kwa wengi zaidi kama watano wetu tungefanya hivyo kila mwaka.

Kwa hiyo nawaambia walimu vijana wa Maniema na kwingineko. Dai mshahara wako, ni haki yako, na usikubali mtu akuambie kwamba ualimu ni wito ili asikulipe. Lakini usiutafute mshahara huo kwa mtoto. Mwenzako akikosea, mwendee kwanza nyumbani kwake, umwambie ana kwa ana. Asiposikia, sema mahali panapotolewa uamuzi, kwa maandishi. Usimtangaze mbele ya wanafunzi, wala usimfiche nyuma ya udugu wa kazi. Anza kwa kuweka karatasi zako mwenyewe mezani. Na nyinyi wakuu wa shule, msisubiri mzee mmoja jasiri aziombe karatasi. Ziwekeni mezani kila deliberasyo, za masomo yote na za watoto wote, iwe ndiyo kanuni ya shule.

Papa Mwalimu alikufa bila nishani wala sherehe. Kila tarehe 30 Aprili, siku ya walimu katika nchi yetu, tunapoandamana na kupongezana, mimi huona kwamba deni letu kwake bado hatujalilipa. Litalipwa siku mama wa kijijini atakapomleta binti yake shuleni kwetu, na kurudi nyumbani bila hofu.